Kabla Waya Haujachomekwa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mvua zikiwa zimekatika na barabara ya mpakani imejaa malori kama kawaida yake, siku ambayo intaneti ya waya ilifika nyumbani kwetu Tunduma kwa mara ya kwanza. Ilifika mlangoni ikakaa nje, na aliyeikalisha nje ni mimi. Nitakueleza sababu. Nisikilize mpaka mwisho, maana juzi nimeona umeleta nyumbani kompyuta na kisanduku cha intaneti, na vidole vinakuwasha.

Kwanza umjue anayesema nawe. Mimi sikurithi duka wala lori. Nilianza kwa kusukuma baiskeli ya mizigo kati ya Tunduma na Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kwa jasho hilo nikajisomesha mwenyewe kule Ndola, Zambia, hadi nikapata stashahada ya kompyuta. Watu wazima wenye mvi zao waliniita "ba fundi", kwa ile "ba" ya heshima ya Kibemba, na kunipisha kiti. Niliporudi, mtaa mzima haukuwa na mtu mwingine wa kufungua tumbo la kompyuta akakitaja kila kiungo kwa jina lake. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na mimi nilijiunda mwenyewe. Cheti changu nilikitia kwenye fremu nikakitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa tu, anakiona.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, Gidion, mfanyabiashara wa vitenge na viatu. Aliinunua Nakonde ikiwa imeshatumika, akaiweka sebuleni kwa Mama, na Mama akaifunika kitambaa cha kufuma kama alivyofunika redio na televisheni. Kwa miaka ilikula flashi za kila mtu: za wanakwaya, za vijana wa muziki, za madereva waliokuja kuchapisha karatasi zao. Kila flashi ilikuja na uchafu wake. Ikafika mahali ukiiwasha, unaweza kwenda kununua mkate na kurudi kabla haijaamka.

Humo ndani mlikuwa na kitu kimoja ambacho hakiuzwi duka lolote. Baba yetu, alipokuwa mgonjwa na akijua hataamka, alimwita Gidion akamwambia arekodi kwa simu maneno ya kumuaga Tusekile, mdogo wetu wa mwisho, siku atakapoolewa. Maana kwetu binti haondoki nyumbani bila baba kusimama na kunena, na Baba alijua siku hiyo hatakuwepo. Gidion aliyahamishia maneno yale kwenye kompyuta. Simu ikaja kuibwa sokoni. Kisha siku moja folda ya Baba ikafunguliwa ikaonekana tupu, na Gidion akatuambia sauti imepotea. Tulisikitika, na mimi wakati huo nilikuwa mbali kikazi, sikuikagua. Sasa Tusekile alikuwa amechumbiwa na kijana wa Ileje, na sherehe ya kumuaga ilikuwa mbele yetu. Nani atanena, hakuna aliyetaka kuuliza.

Jumamosi ile fundi wa intaneti alikuwa ameshapanda juu ya paa, amevuta waya, amefunga kisanduku chake chenye taa, amebakiza kuchomeka tu. Akaiwasha kompyuta, akaisubiri, akaisubiri tena, halafu akamgeukia Gidion.

"Bosi, hii imejaa virusi. Nikikuunganishia hivi, Jumatatu utanipigia kusema mtandao wangu mbovu. Bora tupige windo."

Kupiga windo, mwanangu, ndiyo dawa ya mafundi wengi wa kwetu kwa kila ugonjwa: unafuta kila kilichomo na kuanza upya. Kompyuta nzito, piga windo. Imegoma kuchapisha, piga windo. Angekuwa daktari, angekata kichwa kwa sababu ya mafua.

"Piga," akasema Gidion. "Nina mtu Lusaka anasubiri nimtumie picha za mzigo leo leo."

Nikasimama kati ya fundi na meza. "Hapigi mtu windo hapa."

"Kaka, kuna shida gani?" fundi akauliza. "Humo hamna kitu."

"Hamna kitu ulichokiona," nikamjibu, na hapo nikaanza kumwaga elimu. Nilieleza sifa za mafaili, nikaeleza namna kirusi kinavyobadilisha alama, nikaeleza migawanyo ya diski. Nilisema vizuri sana, hata leo nikikumbuka naona nilisema vizuri. Lakini niliwatazama usoni nikaona hakuna hata mmoja aliyenifuata.

Gidion akacheka. "Bwana Diploma ameamka. Mimi nimekwambia sauti ya Baba ilishakwenda. Unamsumbua marehemu kwa ajili ya kuonyesha cheti."

Neno hilo liliniuma. Tusekile alikuwa mlangoni mwa jikoni, ana sahani mkononi, anaifuta ile ile moja bila kuimaliza.

Mama alikuwa amekaa mkekani akichambua maharage. Alikuwa amekuja kutoka shambani Iyula wiki ile. Hakuinua kichwa. Akasema, "Wewe, cheti chako tumekiona. Kiko ukutani na hakijaanguka. Sasa tuambie kwa maneno ya nyumba hii."

Hilo ndilo karipio nililopata, na lilikuwa fupi. Lakini lilinifungua kinywa kuliko walimu wangu wote. Nikatafuta maneno ya nyumba ile, nikayapata kwenye mikono ya Mama.

"Mama," nikasema, "kihenge ukikiona kimefunikwa, unajuaje kama kina mahindi?"

"Nakigonga."

"Basi mimi nimekigonga leo asubuhi. Kompyuta inaonyesha folda tupu, lakini nikiiuliza nafasi iliyobaki, inasema imejaa. Kitu kitupu hakijai. Kirusi hakikula mahindi, kimeyafunika tu yasionekane. Huyu bwana anataka kukichoma kihenge kabla hatujafunua."

Mama akaacha maharage. "Gidi," akasema, "baba yako alikuwa akitaka kuingiza mahindi mapya, alifanyaje kwanza?"

Gidion akakuna shingo. "Alitoa ya zamani. Akafagia, akapaka majivu."

"Na mbegu?"

"Mbegu alikuwa ameshazitundika juu ya jiko."

"Alizitundika lini? Kabla ya kufagia au baada?"

"Kabla, Mama."

"Basi mwache mdogo wako atoe mbegu."

Fundi wa intaneti akasema yeye ana wateja wengine, akiondoka harudi mpaka Jumatatu. Mama akamwambia Jumatatu nayo ni siku ya Mungu, kisha akamtafutia mahindi ya kuchoma ale njiani. Gidion akampigia mtu wake wa Lusaka, nikamsikia nje akimwambia kwa Kibemba kwamba kuna mambo ya ukoo. Hakunitazama alipopita.

Nikakaa. Nitakwambia nilichofanya, maana ndicho nitakachotaka ufanye. Sikugusa uchafu kwanza. Niliiamuru kompyuta ionyeshe hata vilivyofichwa, na folda zikaanza kutokea moja moja, zimefifia kama watu kwenye ukungu wa asubuhi wa Mbozi. Picha za harusi ya Gidion. Nyimbo za kwaya. Na folda ya Baba, na ndani yake faili moja la sauti.

Nikalinakili kwenye diski ya nje mpya niliyokuja nayo, halafu nikalichoma kwenye sidii pia, maana mbegu haitundikwi kwenye kamba moja. Ndipo nikalifungua kuhakikisha ni zima.

Kwanza ulisikika mkwaruzo, kisha kikohozi. Halafu Baba akasema, "Gidi, imeshaanza hii?" Na sauti ya Gidion, ya kijana zaidi, ikajibu, "Imeanza, Baba. Ongea."

Gidion alikuwa amerudi ndani bila mimi kujua. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikimwambia Baba aongee, akakaa chini sakafuni, yule mtu wa suruali za kupigwa pasi. Baba akaanza kwa Kinyiha, akamwita Tusekile kwa jina la bibi yake.

"Zima," Mama akasema. "Hayo ni ya siku yake."

Nikazima. Tusekile akaja akachukua ile sidii kwa vidole viwili, akaizungushia kanga, akaenda nayo chumbani kwa Mama.

Baada ya hapo ndipo nilipofagia. Nilisafisha virusi kwa programu niliyoileta kutoka kazini kwangu, siyo ile ya kuokota kwenye vibanda vya stendi. Nikatoa takataka ambazo hakuna aliyejua zilitoka wapi. Saa ya kompyuta ilikuwa imekufa betri, tarehe imerudi nyuma mpaka wakati Tusekile hajaanza shule. Nikaweka betri, nikapanga tarehe. Usidharau hilo, mwanangu: kompyuta isiyojua leo ni siku gani, milango mingi ya mtandao huikatalia, hudhani imekuja na kitambulisho kilichokwisha muda. Gidion naye alikuwa ameshazoea kuipanga kwa saa za Nakonde, ambako wako nyuma yetu kwa saa moja, eti kwa sababu wateja wake wako huko. Nikamwambia kompyuta inalala Tunduma, iamke kwa saa za Tunduma.

"Sawa, ba fundi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, na alisema taratibu kama mtu anayepima kiatu.

Nikamfungulia kila mtu mlango wake ndani ya kompyuta, Gidion wa kwake wa biashara, Tusekile wa kwake, na wageni mlango wao wa pembeni usiofika kwenye vyumba vya ndani. Kila mlango neno lake la siri. Gidion alitaka kuweka namba yake ya simu, ile iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya duka lake. Nikamuuliza kama ufunguo wa duka nao ameuning'iniza nje. Akafikiri lingine.

Jumatatu fundi akarudi. Akachomeka, taa zikawaka, na nikamwomba anionyeshe neno la siri la kisanduku chake. Lilikuwa limebandikwa chini yake, linasomeka na yeyote anayekuja kufagia. Nikalibadilisha mbele yake. Kisha, kabla Gidion hajatuma hata picha moja, nikaiacha kompyuta ijipakulie masahihisho yake yote kutoka kwa watengenezaji. Gidion alizunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini alisubiri. Picha zilipokwenda, zilikwenda kwa mkupuo, na mtu wa Lusaka akauliza kama amehamia Ulaya.

Siku ya kumuaga Tusekile ukumbi ulijaa, ndugu wa Ileje upande mmoja, sisi upande mwingine. Mshereheshaji alipofika mahali pa baba wa binti, akamtazama Gidion asimame. Gidion hakusimama. Alinyoosha mkono kuelekea spika, na Baba akanena. Alimwambia Tusekile asiwe mwepesi wa kurudi kila wakigombana, lakini akipigwa arudi siku hiyo hiyo, mlango hauna komeo. Alimwambia mkwewe, ambaye hakuwahi kumwona, kwamba mwanawe hapendi kuamshwa kwa kelele. Watu walicheka na kulia kwa wakati mmoja, na Mama alikaa wima, mikono mapajani, kama mke aliyefuatana na mumewe kwenye sherehe. Wale wakwe walituheshimu tangu siku ile, na mimi nilipita meza hadi meza nikipokea mikono, sikatai.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, lakini mwenyeji awe amejiandaa. Mtandao ni mgeni anayekuja na ulimwengu mzima nyuma yake, wema na wezi kwenye msafara mmoja. Kabla hujamfungulia, toa mbegu: picha za wazee, sauti, kazi zako, kila ambacho fedha hainunui, kiweke mahali pawili nje ya kompyuta, ukifungue uone ni kizima. Folda ikionekana tupu, igonge kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Fundi akikwambia futa, mwulize anafuta nini. Kisha fagia, panga tarehe, weka maneno ya siri ambayo jirani hawezi kuyakisia, badilisha lile la kwenye kisanduku, na iache mashine ijisahihishe kabla hujaanza kuzurura nayo. Kazi ya siku moja au mbili. Anayekuharakisha, mpe mahindi ya kuchoma aende.

Na ukiwa na elimu, nawe utakuwa nayo kuliko mimi ingawa si rahisi, isemee kwa maneno ya nyumba unayokaa. Mimi nilikuwa sahihi tangu dakika ya kwanza, na bado ningeshindwa kama nisingemwuliza Mama habari za kihenge.

Nenda basi, ukaiwashe kompyuta yako na usiguse ule waya kwanza. Mungu wa baba zetu akupe mikono yenye subira na masikio yanayosikia wa nyumbani kabla ya wa mbali. Ulichokabidhiwa kisipotee mikononi mwako. Na siku watoto wako watakapohitaji sauti yako, waipate ikiwa safi, tangu kikohozi cha kwanza.