Shavu la Kushoto la Ibrae

Mgeni akiaga nyumbani kwa Mbaabu, pale Bulla Pesa, hakuachwa aende hivihivi. Mzee alimsindikiza hadi langoni, akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea kwenye mwanga na kulitazama shavu lake la kushoto. Kisha akasema, "Haya, wewe ni wewe. Nenda."

Wakwe walipokuja kumposa binti yake Kajuju, mshenga wao naye alishikwa kidevu, mtu mzima na kofia yake.

"Baba, huyo si mbuzi wa mnadani," Kajuju alinong'ona.

Wageni walicheka. Mbaabu hakucheka, na Kajuju alijua kwa nini.

Mwaka wa 1966, vita vya shifta, waasi wa kaskazini, vikiwa vimepamba moto, baba yake alikuwa msaidizi wa matibabu ya meno mjini Isiolo. Daktari aliyemfundisha alihamishwa, akamwachia nyaya nyembamba za kukwangulia mzizi wa jino, sindano ya kuuoshea, na onyo moja: maji ya klorini huingia tone kwa tone, sindano ikicheza ndani ya mzizi. Ikibana, dawa hukosa pa kurudi, hutokea kwenye ncha ya mzizi na kuunguza nyama.

Alasiri moja akaja Ibrae, kutoka kambi ambako Waborana walikuwa wamezuiliwa pamoja na mifugo yao. Chonge lake la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limeoza ndani.

"Tuling'oe tu, bwana," Mbaabu alimwambia.

"Mwezi ujao naoa. Nikienda na pengo, Asho atasema ameletewa babu yangu."

Walicheka wote wawili. Hati ya Ibrae ya kutoka kambini ilisema: mrefu, mwembamba, kovu shavu la kushoto, arudi kabla ya saa kumi na mbili.

Kuosha polepole kulitaka saa nzima, na Mbaabu naye alikuwa na kafyu ya kukimbilia. Akaibana sindano ndani ya mzizi, akasukuma. Ibrae aling'ang'ania kiti. Alipoinuka, shavu lilikuwa limefura kama andazi.

"Litashuka," Mbaabu alisema, akamwacha aende.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari walilitafuta kovu, wasilione; uvimbe ulikuwa umelimeza. Wakasema amebeba hati ya mtu mwingine. Mbaabu alipopata habari asubuhi alikwenda mbio kueleza, akaambiwa mtu huyo ameshapelekwa. Wapi, hakuna aliyemwambia. Asho alikuja mara mbili kuuliza. Mara ya tatu hakuja.

Tangu hapo Mbaabu alikusanya meno yaliyong'olewa. Aliyatia wino kwenye mizizi, akaosha moja kwa tone, jingine kwa nguvu, kisha akayapasua kwa nyundo na kutazama wino uliobaki. Kajuju aliporudi kutoka chuoni, naye akiwa amesomea meno, Mbaabu alimpangia meno arobaini juu ya kifuniko cha sufuria.

"Wewe umesoma. Njia ipi inasafisha zaidi?"

Aliyachunguza moja moja. "Ya polepole, baba. Katika yote."

"Hilo najua."

"Sasa unatafuta nini?"

"Moja tu ambalo kusukuma kulifaa." Alilishika jino lililobaki jeusi, akaligeuzageuza. "Na Ibrae angekuwa chifu wetu wa Meru, si Mborana wa kambini, Kajuju, ningeogopa kafyu?"

Mitihani yote aliyopita Kajuju haikuwa na swali hilo.

Miaka mingi baadaye Mbaabu alipooza upande mmoja, asiweze kumeza vizuri. Kajuju alimnywesha kwa bomba la sindano, pembeni mwa mdomo. Siku moja alisukuma kupita kiasi, maji yakaingia kwa kasi. Mzee alikohoa, akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo Kajuju hakujua baba yake bado anayo. Hakumtazama yeye. Alitazama dirishani, palipokuwa na mwanga wa saa kumi.

"Polepole, mama," alisema. "Huyu ana safari ya kambini, na jua limeteremka."