Mjomba Alipomsaili Mwingereza

Baba yangu alikuwa hodari wa kusifu elimu ya kujitegemea mikutanoni, na nyumbani alikuwa hodari wa kufunga mapazia. Siku ile aliyafunga yote. Mwalimu Mwingereza wa shule ya kimataifa ya Nairobi, akiwa njiani kwenda Mikumi, angepita kunisaili sebuleni kwetu Morogoro kwa nafasi moja ya ufadhili, na baba hakutaka balozi wa nyumba kumi ajue. Mimi niliitaka nafasi ile hadi chakula kikanishinda.

Ila baba alisahau jambo moja. Yeye ni mtu wa Bukoba, na kwao mtoto ni wa baba. Mama ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto hatoki bila mjomba kusema. Mama alikuwa ameshapeleka salamu Mgeta kwa kaka yake.

Mgeni alianza vizuri, mimi nikaanza vibaya. Majibu yote aliyonikaririsha baba yalipeperuka, nikabaki kuitikia "ndiyo, bwana" kwa Kiingereza, hata nilipoulizwa nina umri gani.

Ndipo mjomba akaingia na kapu la kabichi, bila hodi, maana ni kwa dada yake. Akaketi, akamtazama mgeni, akangoja. Ilibidi nimnong'oneze mgeni kwamba anangojewa atoe shikamoo. Akaitoa.

"Marahaba. Mpwa wangu, ndiye huyu anayetaka kukuchukua?"

"Ndiye, mjomba."

"Muulize ukoo wake."

Baba akakohoa. "Shemeji, huu ni usaili wa shule."

"Na mimi ndiyo nasaili, shemeji."

Nikatafsiri. Mgeni akaeleza kwamba wazazi wake walifuga kondoo. Mjomba akataka kujua huko nani anapika, na mtoto akishikwa na homa nani anaamka. Alipoambiwa kuna mama mlezi ambaye hajaolewa, alisikitika kwelikweli, akauliza kama shule imemtafutia mtu. Nikawa natafsiri kwenda na kurudi, jasho linanitoka. Baba alijishika kichwa. Nilimkasirikia mjomba karibu nilie, maana niliona ananiharibia nafasi yangu hivihivi.

Kumbe mgeni alikuwa akinisikiliza mimi ninavyotafsiri. Akafunga faili lake, akasema jambo fupi.

"Anasemaje?"

"Nimepata, mjomba! Amenichukua!"

"Bado. Sijamaliza naye." Akasogeza kiti. "Muulize, ukifia huko, nani atakurudisha nyumbani?"

Sikutaka neno hilo litoke kinywani mwangu. Likatoka. Mgeni akavua miwani, akajibu kwamba atanileta yeye mwenyewe, hadi mlangoni. Nikatafsiri huku nalia, na mama naye nikamsikia jikoni.

Mjomba akasimama, akampa mkono.

"Mwambie amefaulu."