Kucha za Mtoto wa Mwanaidi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, si ile niliyovaa joho. Ni siku moja ya likizo, miaka ya sabini ikiwa ndiyo kwanza inaanza, nilipoaibika kwetu Bagamoyo mbele ya watu wazima, nikiwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa pili. Nakuhadithia bila haya kwa sababu naionea fahari, na sasa hivi utajua kwa nini.

Wakati ule msichana wa Bagamoyo kusomea udaktari Dar es Salaam lilikuwa jambo la kuzungumzwa kila baraza. Nami nilijua kuwa nazungumzwa, nikawa natembea ipasavyo. Somo nililolipenda kuliko yote ni lile la viinitete, yaani namna mtu anavyoumbika tumboni mwa mamaye tangu tone hadi mtoto kamili. Tulikuwa na vijusi ndani ya chupa kubwa za dawa, na mwalimu wetu, mzee mkali asiyecheka, alivipanga mezani bila maandishi yoyote na kutuuliza kila kimoja kina umri gani. Alitukataza kutegemea hesabu ya miezi tunayoambiwa. Tuutazame mwili wenyewe. Katika mtihani niliyaandika hayo kurasa mbili nzima, nikaongoza darasa. Niache nijisifu kidogo, mwanangu, uzee una ruhusa zake.

Shangazi yangu, Bi Mwanahawa, alikuwa mkunga. Hakusoma popote isipokuwa chuo cha Kurani, lakini nusu ya watoto wa mtaa wetu walipokewa na mikono yake, mimi nikiwa mmojawapo. Asubuhi ile alinitumia mtu niende haraka kwa jirani yetu Mwanaidi, ambaye mimba yake ilikuwa imetoka alfajiri.

Kwetu, mtoto aliyetoka baada ya kutimiza miezi minne tumboni huoshwa, huvishwa sanda na kuzikwa makaburini pamoja na wazee wake. Asiyetimiza hufungwa kitambaa tu na kufukiwa pahali safi. Sasa Mwanaidi alikuwa bado ananyonyesha mtoto wake wa kwanza, hedhi haikuwa imemrudia, na mwenyewe hakujua amefikisha miezi mingapi. Alikisia mitatu. Shangazi alisema mtoto amepita minne. Mzee Shomari, baba mkwe wa Mwanaidi, aliyekuwa barazani na mwanawe, hakuridhika na neno la mkunga peke yake. Basi shangazi akawaambia waniite mimi, msomi, nitawathibitishia. Alikuwa na imani nami, maskini.

Nilifika na kalamu mfukoni. Nikasimama mlangoni mwa chumba, nikauliza swali moja tu: miezi mingapi? Mwanaidi akajibu kwa sauti ya chini, "Labda mitatu, dada." Nikageukia barazani, nikatangaza kwa sauti ya darasani kwamba kwa miezi mitatu hicho ni kijusi tu, hakijatimia, hakuna haja ya sanda. Nikaongeza na urefu wake kwa sentimita, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nilimwona Mwanaidi akijifunika kanga usoni. Mumewe aliinuka akaenda kutafuta jembe.

Shangazi alinivuta ndani, akafunga mlango.

"Umemtazama?"

"Hapana, shangazi."

"Basi hayo uliyoyasema umeyatoa wapi?"

Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. "Nimekuita kwa kuwa macho yako yamefundishwa," aliniambia. "Kukisia hata sisi tunaweza. Haya, nawa mikono."

Nikanawa. Mtoto alikuwa amelazwa juu ya kanga safi iliyokunjwa. Nikapiga magoti, shangazi akanifungulia dirisha. Nilimjua papo hapo, mimi niliyevitazama vijusi vya chupani hadi nikaviota. Nyusi zilikuwa zimeanza, laini kama unga ulioshika ukingoni mwa chekeche. Masikio yalikaa mahali pake. Nikatafuta vidole vya miguu, maana kucha za miguu huchelewa kuliko za mikono, nazo zilikuwepo, kumi zote. Huyu alikuwa ameshapita miezi minne, anaelekea mitano. Kila dalili niliyoiandika kwenye mtihani ilikuwa pale mbele yangu. Nilijisikia vibaya mno.

Nilimwomba shangazi atoke awaambie. Akakataa.

"Neno lako liko barazani," alisema. "Kalichukue mwenyewe."

Nikatoka hadi barazani. Mume wa Mwanaidi alikuwa amerudi na jembe, na wanawake wa mtaa walishajaa uani. "Mzee wangu, nimekosea," nilimwambia Mzee Shomari. "Nilisema kabla ya kutazama. Sasa nimemtazama. Mtoto ametimiza miezi minne na kupita. Shangazi alisema kweli tangu mwanzo."

Mzee alinikazia macho. "Una hakika? Maana asubuhi hii umeshakuwa na hakika mara moja."

"Safari hii nimeziona kucha zake, mzee wangu."

Akamgeukia mwanawe, akamwambia aweke jembe chini, akatafute sanda.

Shangazi alimwosha, mimi nikamimina maji. Mwanaidi akauliza ni wa kike au wa kiume. Nikamwambia ni wa kike, naye akampa jina la mama yake, Zuhura. Alinishika mkono, nami nikalia kuliko yeye. Adhuhuri Zuhura alizikwa na watu wake.

Jioni nilimsikia shangazi akiwaambia wenzake uani, "Daktari wetu amekosea asubuhi, na asubuhi hiyohiyo amejirudi mbele ya Shomari. Wangapi mnawajua wa hivyo?" Nimepata vyeti vingi tangu siku ile, na vyote nimevitundika ukutani. Hakuna hata kimoja kilichonijaza kifua kama maneno yale.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayefunga sanduku kwenda chuo, nakuusia hivi. Jivunie elimu yako. Mimi mwenyewe najivunia yako tangu sasa. Lakini ukiitwa kwa mgonjwa, usijibu ukiwa mlangoni. Ingia, nawa mikono, piga magoti, tazama. Mkunga asiye na cheti akikuambia jambo, usimpinge kabla hujatazama. Na siku utakapokosea mbele ya watu, maana utakosea, usijisahihishe chumbani. Toka uwaambie walewale waliokusikia, kwa sababu nyuma ya mlango kuna mama anayesubiri neno lako ajue kama ana mtoto wa kuzika.

Mwenyezi Mungu akufungulie fahamu, ayape macho yako subira, na akujaalie uzeeke ukiwa na aibu kama hii yangu ya kuwahadithia wajukuu zako.