Alama ya Akello Niliyoifuta

Ipo siku moja kule Mbale, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau.

Vita vya Teso vilikuwa vimetulia, na watu waliotawanyika walikuwa wakitafutana. Mimi, binti wa Jinja niliyejifunza kompyuta miezi michache tu, nilijiona mjuzi. Niliajiriwa katika ofisi ndogo iliyoandikisha waliopotezana na jamaa zao. Mkuu wangu, Mzee Ramadhani, Mnubi mpole, alijaza fomu kwa kalamu; nami niliziingiza kwenye kompyuta: jina, kijiji, alama ya mwilini.

Kompyuta za siku zile hazikuwa na kifua cha hizi zenu. Hata ukiziongezea kumbukumbu, programu nyingi zilitumia kilobaiti mia sita na arobaini tu, na yetu ilitaka kuibeba orodha yote kwa mpigo. Asubuhi moja ikagoma: kumbukumbu haitoshi. Ningeweza kuigawa orodha mafungu mawili, lakini sikujua, na kuuliza niliona aibu. Nikafuta safu nzima ya alama za mwilini. Programu ikafunguka, nami nikanyamaza.

Wiki ile ile akaja baba mmoja kutoka Soroti.

"Dada, natafuta mtoto yangu. Jina yake Akello."

Kule kwao anayezaliwa baada ya mapacha huitwa hivyo, kwa hiyo akina Akello walikuwa wengi, wanne wa kijiji kimoja.

"Yeye iko na kovu ya moto, hapa," akasema, akijishika kifundo cha mkono wa kushoto.

Nikatazama kioo cha kompyuta. Kovu halikuwamo. Nikalia mbele yake.

Mzee Ramadhani alipojua, hakupaza sauti. "Binti yangu, mashine kukataa si kosa lako. Kosa ni kunificha. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Akafungua kabati la fomu, tukaketi sakafuni tukisoma karatasi moja moja, yule baba ametukodolea macho. Siku ya tatu nikaipata: Akello, kovu la moto, yuko Masese, kule Jinja, kwa mama mmoja mkausha samaki. Baba alinishika mikono yote miwili, akaenda kutafuta basi la Jinja.

Baadaye alirudi naye kutuonyesha. Msichana alikuwa amesahau Kiteso, anajua Kisoga cha kule Jinja. Basi baba na mwana wakawa wanaongea Kiswahili cha kuokoteza, wakikosea, wakicheka.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi ikikuelemea, sema mapema. Kuuliza si ujinga. Na usikate cha mtu ili kazi yako ionekane imekwisha. Unachokiona kidogo huenda ndicho pekee alichobaki nacho mwenzako. Ukishakosea, kiri, kisha kaa sakafuni utafute.

Mola akujalie ulimi mwepesi wa kukiri, na wakubwa watakaokurekebisha bila kukuvunja. Amina.