Koti Lililotaja Bei

Jirani yangu dobi alikuwa na mkono wa ajabu kwenye pasi. Shati lililokaa limekunjamana chini ya godoro mwezi mzima lilitoka kwake limenyooka kama limeshonwa asubuhi ile. Sifa hiyo mpeni. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuweza kutaja bei. Ukimuuliza kiasi gani, anatazama ukuta, anakohoa, kisha anakuelekeza kwa kidole kwenye koti.

Koti lenyewe lilikuwa la kijivu, vifungo vikubwa, la mteja fulani ambaye hakurudi tena kulichukua. Lilining'inia kwenye msumari kando ya mlango. Unatia pesa mfuko wa kushoto, chenji unajichukulia mfuko wa kulia. Yeye wakati huo kakupa mgongo, anapiga pasi na kuimba kwa pua. Bei kila mtu alikuwa nayo kichwani, mia tatu kwa shati, miaka nenda miaka rudi.

Basi watu wakazoea. Wakaanza kuliamkia: "Shikamoo, Mzee Koti." Muuza mboga hakulipa kabla hajalipangusa vumbi begani. Fundi viatu wa mlango wa pili, mtu mkavu asiyeheshimu hata baba mkwe wake, alikuwa akizima sigara akipita mbele yake.

Kisha sabuni ikapanda, mkaa ukapanda, na mwenye nyumba naye hakutaka kuachwa nyuma. Mke wa dobi, mama mwenye sauti ya chini na maamuzi ya juu, akaandika bei mpya kwenye karatasi, mia tano kwa shati, akaibana kwa pini kwenye ukosi wa koti. Wateja wakasoma, wakamgeukia dobi.

"Fundi, hii ni kweli?"

"Muulizeni mzee."

Wakamuuliza. Mzee hakujibu kitu. Wakalipa mia tatu, wakaenda zao.

Jioni hiyo mke akasema, "Hotelini wanatafuta wa kupiga pasi mashuka. Mwezi ukiisha hujataja bei kwa mdomo wako mwenyewe, tunafunga hapa. Mimi nakwenda kwenye mashuka, wewe utabaki na mzee wako."

Dobi alikipenda kile chumba cha kazi kuliko alivyoweza kueleza. Akakubali kupelekwa kwenye darasa la wafanyabiashara wadogo, ambako binti mmoja mpole aligawa madaftari na kuwaambia waandike kila siku wanachoamini kuhusu pesa. Hakuna kufuta, hakuna kumwonyesha mtu bila kutaka. Swali la kwanza lilikuwa hili: kama pesa ingekuwa mtu, ingekuwa mtu wa namna gani?

Wenzake waliandika tajiri, mwizi, mchumba. Dobi alirudi kazini kwake kwanza, akageuza koti likatazama ukuta, maana hakuweza kuandika linamwangalia, akaandika: "Pesa ni mgonjwa aliyelala. Ukiongea karibu naye anaamka na kuondoka." Akaona ni jambo la kawaida kabisa, kama kuandika kwamba maji yanalowesha.

Mwalimu alipoonyeshwa hakucheka. "Umelijua wapi hili, baba?"

"Nimeliona kwa macho."

"Basi liandike ulivyoliona."

Akaandika. Mama yake alikuwa akirudi sokoni anatia pesa kwenye chungu kilichopasuka ukingo. Mtoto akiuliza, "Mama, leo tumepata ngapi?", anazibwa mdomo kwa kiganja: usitaje kiasi humu ndani. Siku mtoto akisahau akakitaja kwa sauti, asubuhi chungu kitupu. Alijaribu mara kadhaa, kwa makusudi kabisa, kama daktari. Kila mara kitupu.

Chini ya hapo mwalimu akaongeza swali kwa penseli: "Nani mwingine alikuwemo ndani?"

Hilo dobi hakuwahi kujiuliza. Akamwendea mama yake mdogo, mdogo wa mwisho wa marehemu mama, akamsomea ukurasa mzima. Yule bibi alicheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni.

"Baba yako, mwanangu. Alikuwa amelala nyuma ya pazia. Masikio yake yalikuwa hayalali. Akisikia kiasi tu, anavaa viatu."

"Kwa hiyo pesa haisikii?"

"Isikie kwa sikio gani?"

Mngedhani hapo mambo yalikwisha. Hata kidogo. Kichwa kilielewa, mdomo haukupewa taarifa. Siku ya mwisho ya mwezi ikafika dobi bado anakohoa. Mkewe amekaa kwenye kibenchi, mkoba magotini, tayari kwa hoteli. Akaingia karani wa mahakama kuchukua shati lake, bingwa wa kubembeleza bei, akasimama mbele ya koti kama mbele ya hakimu.

"Mzee, hii karatasi ya mia tano nimeisikia. Lakini sisi tumetoka mbali. Mia tatu, au siyo?" Akasubiri kidogo, kisha akamgeukia dobi. "Amekubali."

"Hajakubali," dobi akasema.

"Hajakataa."

Dobi akamtazama mkewe. Mkewe akafunga zipu ya mkoba, taratibu, mpaka mwisho. Ndipo dobi akaweka pasi chini, akaenda msumarini, akalitungua koti, akalivaa. Mikono ilimfikia juu kidogo ya viwiko, mgongoni likalia kama linataka kuchanika. Akalifunga vifungo vyote.

"Shati mia tano," koti likasema.

Karani alirudi hatua nyuma. Kisha, kwa adabu zote, akatoa mia tano akaitia mfuko wa kushoto, pale pale juu ya moyo wa dobi. Dobi akasimama bila kupumua, anasikiliza. Pesa ilitulia. Haikuamka.

"Ahsante, mzee," karani akasema, akaondoka na shati lake kinyumenyume.

Mke akainuka. "Umesema. Sasa livue, useme tena."

"Nani ananunua?"

Akafungua mkoba, akatoa blauzi aliyokuwa ameikunja kwa ajili ya kazi ya hoteli, akaitupa mezani. "Fundi, kuninyooshea hii kiasi gani?"

Dobi akavua koti, akalirudisha msumarini. Akatazama ukuta kidogo tu, kama mtu anayeaga, kisha akamgeukia.

"Mia tano."

"Nipunguzie, mume wangu. Tumetoka mbali."

"Mia tano, mama watoto," akasema, sauti imepanda kidogo. "Na chenji sina."