Kanzu ya Mjomba na Lita Yangu Moja

Nacheka kwanza mwenyewe, ili mkianza ninyi isiniume sana. Aibu hii niliipika kwa kalamu na kikokotoo.

Mjomba Twaha alikuwa anakwenda Mukuju kuposa, na kanzu yake nyeupe ilikuwa imeshika manjano kwapani. Mama akanituma niifue. "Weka ile dawa ya kung'arisha kwenye beseni, kifuniko kimoja tu." Kifuniko (wiki nzima darasani tunazimua miyeyusho, halafu mimi napimiwa kwa kifuniko). Nikasoma chupa, asilimia tatu, nikataka asilimia sifuri nukta tatu katika lita kumi za maji, nikazidisha, nikagawanya, nikapata lita moja kamili, jibu la kupigiwa vema mbili, nikamimina, nikaenda zangu kusukwa nywele.

Nilisahau kwamba sisi ni watu wa Busia, mpakani. Dawa mama huivusha kutoka upande wa Kenya kwa jerikeni, ile kali ya kusugulia vyoo, kisha anaijaza kwenye chupa yoyote tupu. Lebo ilikuwa ya chupa, siyo ya kilichomo. Jerikeni nililisoma baadaye: asilimia kumi na mbili. Mara nne.

Kanzu ikatoka nyeupe ya kuumiza macho. Nikasifiwa. "Sayansi tu, mjomba," nikajibu.

Kule Mukuju, tulikomsindikiza mimi na mama, alikuwa ameketi shangazi wa binti, mwanamke ambaye alishamrudisha mposaji mmoja kwa kuchelewa tu. Mjomba akainama kumsalimu, tukasikia kama gazeti linachanwa polepole, na mgongo wote ukafunguka mpaka kiunoni, na kuendelea.

"Hii kanzu nani nafua?" shangazi akauliza.

Mjomba akaninyooshea kidole bila kugeuka (angegeukaje).

"Mimi, mama. Nilikokotoa."

"Ulikoko nini?"

Nikaeleza yote, hadi kugawanya. Shangazi akamtazama mjomba. "Na wewe hapana kasirika?"

"Hesabu yake ilikuwa sawa, mama," mjomba akasema, kainama vilevile. "Chupa ndiyo mwongo."

Shangazi akatikisika mabega, kumbe anacheka. "Mtu nachanika mbele ya wakwe na bado natetea mtoto. Huyu atakaa na binti yetu. Mfunikeni."

Kwa hiyo mjomba aliposa akiwa amejifunga leso ya mama yenye mananasi, na picha ipo ukutani kwao, kubwa. Siku hizi kabla ya kukokotoa nauliza kwanza hii imetoka jerikeni gani, na mama akisema kifuniko, naweka kifuniko.