Chiriku na Mkwaruzo Uliopendwa

Jina la Chiriku alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alikuwa akipiga pasi shuka huku akiimba, hata wauguzi wakawa wanajitafutia sababu za kupita pale. Mama yake naye alifanya kazi hiyohiyo, ndani ya mvuke uleule na dawa ileile ya madoa inayowasha macho. Naye aliimba. Alipofika miaka thelathini na moja sauti ikaanza kukwaruza, kisha ikakatika kabisa. Sasa hujui amesema nini mpaka umtazame midomo.

Chiriku alikuwa ametimiza thelathini.

Muuguzi mmoja alimrekodi kwa simu, wimbo ukamfikia mwenye studio, naye akafunga safari mpaka chumba cha kufulia.

"Dada, Alhamisi njoo. Bendi iko tayari."

Jumatatu yake Chiriku aliamka, akajaribu sauti ya juu, ikamkimbia. Akanywa maji ya moto, asimwambie mtu. Lakini mama hadanganywi; akamwambia kwa midomo tu:

"Unameza mate kama unayemeza mwiba. Na mimi nilianza hivyohivyo."

"Mafua tu, mama."

"Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua."

Akaenda hospitali kutibiwa. Daktari alimmulika koo. "Kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Usiimbe miezi mitatu. Ukilazimisha, mimi sikuahidi kitu."

Chiriku akampigia mwenye studio, akamwomba asubiri.

"Miezi mitatu? Dada yangu, kuna mwenzako yuko hapa mlangoni."

Alhamisi akaenda studio. Chumba hakikuwa na dirisha, kuta zimevikwa sponji; mlango ulipofungwa alisikia pumzi zake mwenyewe. Aliimba, ikatoka safi.

"Tena," fundi mitambo akasema.

Aliimba tena, na tena. Mara ya tatu, katikati ya kiitikio, kitu kilikatika kooni, bila maumivu, kama uzi wa cherehani. Sauti ikatoka na mkwaruzo. Nyuma ya kioo mwenye studio akaruka kutoka kitini.

"Hiyohiyo! Usiibadilishe!"

Wimbo ulipendwa kwa ule mkwaruzo. Redioni walisema dada huyu anaimba kwa uchungu, ana ufundi wake. Watu wa studio wakamtaka arekodi nyingine nane, naye akakubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Siku hizi kila asubuhi hutema mate kwenye beseni, akayatazama kabla ya kuyamwaga. Jana yalikuwa na rangi ya damu. Akafungulia bomba haraka, akavaa viatu, akatoka kwenda studio.